Wavu kwenye Mfereji wa Bwawa

Kila asubuhi kabla ya shule nilishika reki nikaenda bwawani kuondoa majani. Bwawa lilikuwa la baba, dogo, la kufugia samaki, lenye tuta la udongo na mfereji ubavuni wa kupunguzia maji yanapojaa. Baba aliweka wavu wa banda la kuku kwenye mfereji huo ili samaki wasitoroke. Majani yalinasa humo kila siku, na mimi ndiye niliyeyatoa, huku nikinung'unika.

Mkaguzi wa mabwawa alipokuja, mama mmoja mpole mwenye buti, baba alikuwa ameshaung'oa wavu na kuuficha, maana haukuruhusiwa. Mkaguzi alipima tuta, kisha akaniuliza mimi kama kuna watu wanaoishi bondeni. Baba alinikazia macho. Nikajibu kwamba hakuna mtu, ni malisho tu. Mwongo mkubwa mimi! Nyuma ya kona ya bonde aliishi mfyatua matofali na mkewe na watoto wanne, na binti yao, Kifupi, alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Mkaguzi akaandika: hatari ndogo. Baba alinipongeza, maana ingeandikwa kubwa angelazimika kupanua mfereji na kupunguza maji. Nikavimba kichwa, sikatai.

Wavu ukarudi mahali pake. Wiki ya tatu, mchana, ilishuka mvua ya kutisha. Nilirudi kutoka shule nikamkuta baba ndani ya mfereji akiuvuta wavu uliojaa matawi na nyasi. Waya ulikuwa umemchana viganja na damu ilimtiririka hadi kwenye viwiko. Wavu ulikuwa umegoma kabisa, na maji yalishaanza kupita juu ya tuta. Baba akanipigia kelele nikawatoe watu wa matofali.

Nilikimbia huku nikianguka na kuinuka. Mfyatua matofali alidhani ni utani wa watoto, lakini Kifupi aliniona uso tu, akawashika wadogo zake wawili mkono, wakapanda mlimani. Baba yao akawafuata. Mama yao alirudi ndani kumchukua mtoto mchanga.

Tuta likapasuka kwa kishindo. Maji yalilibomoa tanuri la matofali, yakaisomba nyumba nzima, yakamburuta yule mama na kumbamiza kwenye nguzo za uzio. Tulimkuta mguu umevunjika, mfupa unaonekana, anatapika matope, na mtoto analia kifuani pake. Hakuwa amemwachia.

Baba alipofika, mfyatua matofali alimrukia. Alimpiga ngumi ya mdomo, jino likatoka, akamkalia kifuani na kuinua tofali juu ya kichwa chake. Baba alisema kwa shida kwamba hata mkaguzi aliandika hatari ni ndogo.

"Ni mimi niliyemwambia mkaguzi hakuna mtu," nikasema. "Nilijua mpo."

Mfyatua matofali alilitupa tofali, akaketi kwenye matope akilia. Kifupi alinitazama.

"Hata mimi hukunihesabu?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kesho yake mkaguzi alirudi. Baba, mdomo umevimba, alikiri kila kitu, pamoja na kwamba ndiye aliyenikazia macho. Aliahidi kuwajengea kina Kifupi nyumba nyingine ya matofali mahali pa juu, na mfereji mpana usio na wavu.

Mkaguzi hakunifokea. Aliniketisha kando yake.

"Mwanangu, bwawa dogo linaweza kuwa na hatari kubwa," alisema. "Sisi tunauliza, likipasuka, maji yatamkuta nani? Ukimficha mtu kwenye jibu lako, umemwacha kwenye njia ya maji. Sema kweli hata mzazi akikutazama vibaya."

Akanipa kalamu na fomu mpya, niandike wote wanaoishi bondeni. Nikaandika watu sita, na wa kwanza alikuwa Kifupi.