Benchi la Dirishani

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi wa kanisa ulijaa watoto sitini na kelele za watoto mia. Wengine walikuja kujifunza dini. Wengine walikuja kwa sababu mama zao walitaka kufua kwa utulivu, na wawili watatu walikuja kwa ajili ya mpira uliochezwa baada ya kipindi. Wote walikuwa mikononi mwa Katekista, fundi baiskeli ambaye siku hiyo alisugua vidole kuondoa mafuta ya mnyororo, akavaa shati safi na kubeba kitabu cha mafundisho. Kitabu kilikuwa kimoja tu, tena kisicho na jalada.

Mtu mmoja hawezi kufundisha sitini. Kwa hiyo Katekista aliwagawa kwa mabenchi, na kila benchi akalikabidhi kwa mkubwa mmoja aliyekwisha kupata Kipaimara. Benchi la dirishani, lenye watoto sita wa miaka tisa, alimpa Redio.

Redio alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Jina hilo alipewa na Katekista mwenyewe, kwa sababu ukimwuliza swali lolote la kitabuni, jibu lilitoka mfululizo bila kukwama. Alilipenda sana jina lake.

Kufundisha wengine, hata hivyo, kulimtoa jasho. Wiki hii watoto walishika, wiki ijayo wamesahau yote. Tena alikuwepo Kibogoyo, msichana mdogo aliyeng'oka meno mawili ya mbele, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Dada, kama Mungu yuko mahali pote, hata chini ya benchi letu yupo?"

Wenzake wote wakainama kuchungulia, na kipindi kikaishia hapo.

Ilipobaki wiki moja Padre aje kuwapima watoto wa Komunyo ya Kwanza, maji yalimfika Redio shingoni. Ndipo akakumbuka jambo. Kila mwaka Padre aliuliza kila benchi maswali yale yale sita, akianza na mtoto wa kwanza kushoto na kwenda kwa mpangilio. Maswali sita, watoto sita.

"Sikilizeni," aliwaambia kwa sauti ya chini. "Kila mtu atashika jibu moja tu, la kwake. Mkae hivi hivi mlivyokaa, msihame."

"Na swali langu ni lipi?" Kibogoyo, aliyekuwa wa nne, aliuliza.

"Swali ni la Padre. Wewe shika jibu."

Siku ya siku ikafika, na mtoto wa kwanza kushoto hakuja. Alikuwa nyumbani, amejaa vipele vya tetekuwanga. Watoto watano waliobaki walisogea kuziba pengo lake, kama walivyofundishwa kukaa vizuri, na Redio aliyekuwa amesimama ukutani akajipongeza kimoyomoyo kwa jinsi walivyotulia.

"Nani aliyekuumba?" Padre alimwuliza wa kwanza.

"Yuko mahali pote."

Padre alikunja uso kidogo, akaendelea. "Mungu yuko wapi?"

"Ni kuvunja amri ya Mungu kwa kujua na kwa kutaka," alijibu wa pili bila wasiwasi.

Redio alipiga hatua moja kutoka ukutani. Alitaka kupiga kelele, lakini Padre alikwisha kumgeukia Kibogoyo.

"Dhambi ni nini, mwanangu?"

"Ni Bwana wetu Yesu Kristo," Kibogoyo alisema kwa sauti safi.

Mabenchi ya nyuma yakaangua kicheko. Padre hakucheka. Alifunga daftari lake taratibu.

"Benchi hili litasubiri mwaka kesho," alisema.

Kibogoyo alianza kulia papo hapo. Gauni lake jeupe lilikuwa tayari limeshonwa, na bibi yake alikuwa njiani kuja kumwona akipokea. Katekista, akiwa ameona aibu kubwa, alijitetea, "Hawa watoto, Padre, ni mchezo tu. Hawashiki kitu." Redio alisikia kila neno. Angeweza kusema. Alitazama vidole vya miguu yake, na hakusema.

Chakula cha mchana alikiacha sahanini. Saa tisa alipiga moyo konde, akaenda kwenye karakana ya Katekista. Alimkuta amezamisha mpira wa baiskeli ndani ya beseni la maji, akitafuta tundu.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba. Umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kusema. Watoto hawakucheza. Mimi niliwagawia majibu kwa viti vyao. Yule mgonjwa alipokosekana, wote wakahama."

Katekista aliacha mpira majini. Aliutazama ukitoa mapovu, na Redio akatamani afokewe yaishe.

"Na mimi nimewasingizia mbele ya watu," alisema hatimaye, akifuta mikono. "Twende kwa Padre. Utasema wewe, kwa kinywa chako."

Padre alimsikiliza mpaka mwisho. Aliwapa wiki moja. "Lakini safari hii nitaanza na yeyote nitakayemtaka," alisema, "na nitauliza ninachotaka."

Jumatatu jioni, baada ya shule, Redio alikuwa ukumbini na watoto wake. Aliwaomba msamaha kwanza, kisha akaanza kuwaeleza dhambi ni nini. Kibogoyo akanyoosha mkono.

"Dada, kwa kujua na kwa kutaka, maana yake nini?"

Redio alifungua kinywa. Maneno yale aliyasema miaka mitatu, na hakuna hata siku moja aliyojiuliza maana yake. "Sijui," alikiri, na masikio yakamwaka moto. "Nitauliza, nije niwaambie."

Alikimbia hadi karakana. Katekista alimjibu kwa swali.

"Ulipowagawia majibu, ulijua kuwa ni udanganyifu?"

"Nilijua."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna. Nilitaka mwenyewe."

"Basi hilo ndilo jibu. Kumbe ulikuwa nalo."

Tangu siku hiyo hakuwapa jibu mpaka waliseme wenyewe, kwa mfano wa nyumbani kwao. Ilichosha. Kuna jioni mvua ilinyesha wakaja wawili tu, akawafundisha hao wawili, na kesho yake akaanza upya na wengine. Kila jioni baada ya kipindi alipita chini ya dirisha la mgonjwa na kumwuliza maswali kutoka nje. Sauti ilimkauka, hakuacha.

Jumamosi wote sita walikuwepo, mgonjwa amepona na madoadoa yake usoni. Walikaa ovyo, kila mtu alipopenda. Padre alipitisha macho, akaanzia katikati.

"Wewe. Dhambi ni nini?"

Kibogoyo alisimama. "Ni kama Dada alipotugawia majibu. Alijua ni vibaya, akataka kufanya, akafanya."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze. Mabenchi ya nyuma yalianza kucheka, lakini Padre aliinua mkono.

"Na baadaye huyo dada akafanya nini?"

"Akaungama. Akaomba msamaha, akatufundisha upya mpaka sauti ikamkauka."

"Na huko kunaitwaje?"

"Kitubio!" walijibu wote sita, bila mpangilio wowote.

Padre aliandika majina yao yote. Kibogoyo alitoka mbio kwenda kumwambia bibi yake, kiatu kimoja akakisahau chini ya benchi.

Katekista alimsubiri Redio mlangoni.

"Kosa halikuwa lako peke yako," alimwambia. "Mimi nilikusifu kwa kusema, sikukuuliza hata mara moja kama unaelewa. Redio inasema, mwanangu, lakini haijui inachosema, wala haikiri ikikosea. Mwalimu hukiri. Imani hufundishwa na mtu anayeijua na kuiishi, na kuiishi huanza na kusema kweli."

Kisha akampa kile kitabu kisicho na jalada.

"Benchi la mlangoni halina mwalimu. Wako tisa, na hakuna hata mmoja anayekaa kimya."

Redio alikipokea kwa mikono miwili. "Waje Jumatatu," alisema, kwa sauti iliyobaki.