Vidole vya Keynan

"Umemuuza ngamia wa marehemu mama yangu?" Naimo alimuuliza mchumba wake, Keynan.

"Si mimi, Naimo. Ni vidole."

Jamani, mwanamume mzima anaulizwa swali, analaumu vidole! Lakini anayelijua soko la mifugo la Garissa angemwelewa. Pale madalali hawataji bei kwa mdomo. Wanafunika mikono kwa shuka, wanashikana vidole, na ukishambana mwenzako kidole, umekubali bei. Mwaka ule wa tisini na saba, Keynan alikuwa dalali hodari kuliko wote. Mzee Korane, babake Naimo, alimpendea hilo, akaipokea posa yake.

Kisha Olow akafungua chumba cha gemu nyuma ya duka lake: televisheni mbili, jenereta, na vidude vya kubonyeza. Keynan aliingia kuchungulia tu. Haukupita muda akawa mtu wa humo humo. Hali chakula, sala zinampita, hatoki mpaka jenereta izimwe. Hata akiwa sokoni kidole gumba kilibonyeza hewa. Siku ile alikuwa amekabidhiwa ngamia wa Naimo aulizie bei tu, na kidole kikabonyeza mkono wa mnunuzi. Ngamia akaenda kwa bei ya mbuzi, na biashara ya shuka hairudishwi.

"Mama aliniachia huyo mmoja tu," Naimo alisema huku akilia. "Maziwa yake ndiyo yaliyonilea."

"Naacha, walaahi. Sitakanyaga tena kwa Olow."

Naimo akamwamini. Alimpenda, na mtu unayempenda unamwamini hata ukijua unajidanganya.

Wazee nao wakakaa kikao. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema ni uvivu tu. Walipatana kwenye dawa: "Harusi iharakishwe. Mwenye mke hana nafasi ya upuuzi."

Naimo hakutulia. Alikwenda kwa Sahara, muuguzi wa wagonjwa wa akili, aliyekuwa akiwahoji vijana wa kwa Olow kwa ajili ya utafiti.

"Walaal Sahara, dada yangu, ni jini?"

"Jini simjui mimi. Ninalojua ni kwamba vijana wengi pale wanacheza, wanacheka, wanakwenda zao. Wachache hawawezi kuacha. Kazi inapotea, wanalia kwamba wanataka kuacha, na kesho wako pale pale. Madaktari bado wanabishana kama tuuite ugonjwa. Mimi nimewaona kwa macho yangu. Ni ugonjwa, kama wa pombe."

"Ndoa itamponya?"

"Hapana, mdogo wangu. Itampa mtu wa kumfichia siri. Daktari ninayefanya naye utafiti yuko Nairobi, atampokea. Lakini lazima Keynan mwenyewe akiri kwamba anaumwa."

Lakini wazee walikuwa wameshapanga siku, na asubuhi ya harusi simu ya jirani ililia. Naimo akaitwa.

"Naimo wangu, niko kwa kinyozi. Najipamba kwa ajili yako."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio: tii, tii, tii. Na jenereta ikinguruma.

"Kinyozi gani huyo, Keynan?"

"Huyu... huyu wa karibu na msikiti."

Naimo akakata simu. Hina yake ilikuwa bado mbichi, ikabaki kwenye simu ya watu. Alimwendea babake akapiga magoti mbele yake.

"Aabo, leo ukimshika mkono, usisikilize mdomo wake. Sikiliza vidole."

"Na nikisikia ninachokiogopa?"

"Usimalizie, Aabo. Hata ukinisikia nalia."

Alasiri sheikh akawaketisha Korane na Keynan goti kwa goti. Wakashikana mikono ya kulia, ikafunikwa kwa shuka nyeupe. Nyuma ya pazia, wanawake walisubiri na vigelegele midomoni.

"Nimekuoza binti yangu Naimo..." Chini ya shuka kidole gumba cha Keynan kilikuwa kinabonyeza, kinabonyeza, hakipumziki.

"Malizia, Mzee Korane," sheikh alihimiza.

"Siwezi, sheikh." Macho ya mzee yalikuwa yamejaa. "Keynan, mwanangu, mkono wako ninao hapa. Wewe uko wapi?"

Keynan alifungua mdomo atoe uongo mwingine. Akaitazama ile shuka ikitikisika, na machozi yakamtangulia.

"Niko kwa Olow, adeer, mzee wangu. Nimetoka kule, lakini bado niko kule. Nisaidieni. Mimi ni mgonjwa."

Pazia likatikisika.

"Keynan! Ni mimi niliyemwambia Aabo!"

"Umefanya vizuri, Naimo." Alikuwa akilia kama mtoto. "Usinisubiri."

"Hilo huniamulii wewe."

Kesho yake Sahara alimpeleka Nairobi. Wiki hiyo hiyo mvua kubwa za mwaka ule zikafika, mto Tana ukafurika na barabara ikakatika. Hakuna basi lililokuja, wala barua. Naimo alikuwa akikaa mlangoni akimsubiri na kuitazama mikono yake. Hina ya harusi ilififia viganjani, ikabaki kwenye kucha tu, na barabara ilikuwa bado haijafunguka.