Mji Uliojipaka Chakula Chake

Katika zama ambazo kila mji wa pwani ulikuwa na mfalme wake, siwa yake, ile pembe ya enzi, na ugomvi wake, Kitapwa ulikuwa mji mdogo wenye ukuta mnene wa matumbawe. Mkuu wa ukuta huo alikuwa Mwenye Kombo, kijana mwenye jambia la mpini wa fedha na ulimi mwepesi wa tungo. Alizoea kusema kwamba adui hamtishi, ila hupenda amkute ameshiba.

Mwaka huo adui alimkuta na njaa. Amiri Shambi wa Undwani aliuzingira mji tangu mtama ulipokuwa mchanga shambani. Mikuki yake ilifunga njia ya bara, mitepe yake, majahazi ya kushonwa kwa kamba, ikafunga mlango wa bahari. Hakurusha mishale mingi. Alikaa akingoja ghala za Kitapwa ziishe, lango lifunguliwe lenyewe, kisha awagawe vijana wa mji kwa maakida wake kama mbuzi wa karamu.

Ghala za mfalme ziliisha kweli. Iliyobaki ilikuwa ghala moja tu, na haikuwa ya mfalme.

Ilikuwa ya Bi Mwanamize, somo wa mji, aliyewafunda na kuwapamba maharusi wote wa Kitapwa, na mama zao kabla yao. Mwanamke huyu alikuwa na sharti ambalo makungwi wa miji mingine walilicheka. Hakumpaka mwari kitu asichokionja yeye mwenyewe. Hata majani ya mkunazi ya kuoshea nywele aliyatafuna kwanza. "Ngozi nayo hula," alisema. "Kisicholika hakipakwi." Kwa hiyo, njaa ilipoingia, chumba chake cha mapambo kilikuwa chumba cha chakula: ufuta, nazi kavu, mbegu za mlonge, manjano, unga wa mchele wa singo ya kusugulia mwili, asali, na mwani ulioanikwa mpaka ukawa mweupe.

Alikifungua bila kuombwa. Maji yalipokupwa, wanawake waliteremka kwenye mwamba chini ya ukuta wa bahari kuchuma mwani mbichi, huku wapiga mishale wa Kombo wakiwalinda kutoka juu. Uliochemshwa uliganda kama uji mzito, ukatiwa tui, na watu wakanywa. Wenye mzaha walisema wanakula harusi ambazo hazijafungwa. Lakini watoto hawakufa, na kila Kombo alipopita mlangoni kwa yule mama alipunguza mwendo, akatoa salamu, akapita. Alitaka kushukuru, ila maneno aliyozoea kuyajaza baraza zima yalimkauka pale.

Kisha Shambi akapeleka habari kwamba kesho asubuhi mjumbe wake ataingia kutoa masharti. Desturi ya pwani ilikuwa wazi: mjumbe asiye na silaha hafungiwi lango. Hupitishwa mjini, hukaribishwa barazani, hulishwa. Mji uliomzuia umekiri udhaifu.

Mfalme aliita baraza. Bi Mwanamize aliingia bila kuitwa, akaketi.

"Mjumbe haji kusema," alisema. "Anakuja kutazama. Njaa haifichiki, wanangu. Ngozi hupauka, midomo hupasuka, nywele huwa kama makumbi. Akiwaona mlivyo, atamwambia bwana wake angoje kidogo tu. Nao wakingoja kidogo, tumekwisha."

"Basi tufanyeje?" mfalme aliuliza.

"Nipeni kilichobaki. Mafuta yote, nazi zote, mwani wote. Niwapake watu."

Kombo aliinuka. "Mama, hicho ndicho chakula cha askari wangu."

"Nakijua, nilikiweka mimi."

"Jeshi langu si maharusi."

"Hata maharusi wa kukimbiwa hawanuki kama jeshi lako, Mwenye Kombo."

Wazee walicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Kombo hakucheka. Aliitazama mikono yake, akaiona imepauka kama mti uliomwagiwa majivu. Chakula kile kikiliwa, kingewavusha siku chache, kisha kifo. Kikipakwa, huenda kingewaokoa. Kisipowaokoa, kifo kingekuja mapema zaidi. Uamuzi ulikuwa wake, kwa kuwa fungu lilikuwa la watu wake.

"Chukua," alisema. "Ila mimi uniweke mbele. Nikicheka, wao hawatakuwa na haya."

Mchana ule ua wa Bi Mwanamize ulijaa wanaume. Mashujaa waliobeba makovu ya vita waliketi juu ya mikeka, vichwa vimeinamishwa, wakisuguliwa na vikongwe. Nywele zilioshwa kwa povu la mkunazi, zikapakwa mafuta ya mlonge. Miili ilisuguliwa kwa singo ya mchele na manjano mpaka nongo zikatoka. Uji mzito wa mwani ulipakwa usoni na kuachwa ukauke; ulipobanduliwa, mashavu yaliyolegea yalikuwa yamekazika. Mwisho yakaja mafuta ya ufuta, yaliyokamuliwa upya na kunukia mpaka matumbo yakalia.

"Shehe Mvita," Bi Mwanamize alimwita askari mmoja mpana wa mabega, "mafuta ya mkono wako yamekwenda wapi?"

"Nilijifuta jasho, mama."

"Kwa ulimi?"

Ua mzima ulicheka, naye akampaka tena. "Atakayejilamba ajue analamba lango la mji," alisema, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu.

Asubuhi Mwinyi Chande, mjumbe wa Undwani, aliingia langoni kwa kanzu nyeupe na fimbo ya mpingo. Alikuwa mzee mwenye macho ya mnunuzi wa farasi. Alipita katikati ya askari waliong'aa kama shaba. Alipita kisimani, wanawake wakateka maji bila haraka, nywele zao nyeusi zimesukwa, zikimeremeta. Barazani aliletewa sahani ndogo ya mwani ulioganda kwa asali na hiliki, uliokatwa vipande vizuri. Alikula kimoja, akakitafakari.

"Mmenenepa kwa vita, Mwenye Kombo."

"Tumepumzika, baba. Amiri wenu ametuondolea safari."

Mjumbe alitabasamu. Kisha, kabla mtu hajajua, alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya mkono wa Kombo, akakitia mdomoni.

"Ufuta," Mwinyi Chande alisema polepole. "Ufuta wa kula. Kwetu wanapaka mafuta ya papa, ya kula wameyafungia. Nyinyi mwapaka chakula?"

Kombo alikuwa ametayarisha uongo mwingi, wenye vina na mizani. Akauacha wote.

"Kwetu kisicholika hakipakwi, baba. Muulize somo wetu."

Mzee alimtazama Bi Mwanamize aliyesimama mlangoni. "Ni kweli, bibi?"

"Tangu mama yangu," alijibu. "Kwani nyinyi huwapaka mabinti zenu uchafu gani?"

Mwinyi Chande aliweka sahani chini. Hakutoa masharti yoyote.

Baada ya kuondoka kwake, Kitapwa ulilala na njaa ya kweli. Hapakuwa na mafuta wala nazi, ila mwani mbichi na maji ya kisima. Askari walisimama ukutani wakishikilia mikuki ili mikuki iwashikilie. Bi Mwanamize alianguka uani, akasema amejikwaa, na hakuna aliyemwamini. Kombo alikaa naye akimnywesha uji wa mwani kwa kijiko, akimlazimisha, kama alivyolazimishwa yeye utotoni.

Lakini jeshi la Undwani nalo lilikuwa limechoka, likila mtama mbichi na kutetemeka kwa homa. Habari kwamba mji uliozingirwa unajisugua kwa chakula iliwavunja kuliko mishale. Asubuhi moja mahema hayakuwepo. Mitepe ilikuwa imetweka matanga na kwenda zake, na njia ya bara ilikuwa na vumbi tu.

Waandishi wa historia ya Kitapwa waliandika kwamba Mwenye Kombo alimfukuza Shambi, na siwa ikapulizwa kwa jina lake. Lakini siku ile Kombo alisimama mbele ya mfalme na umati, akakataa joho la ushindi, akasoma alichotunga:

Shukurani zatolewa
kwa mama wa kusifiwa;
mji ukaokolewa
pasi mkuki kurushwa.

Kisha aliuongoza umati wote mpaka mlangoni kwa Bi Mwanamize. Walimkuta ameketi kwenye kibao, bado dhaifu, kinu kiko mbele yake, gunia la kwanza la ufuta kutoka mashamba yaliyofunguliwa limeegemea ukuta. Wakubwa walianza kumwombea dua na kumbusu mikono. Aliwaacha kidogo, kisha akamnyooshea Kombo mchi.

"Shairi zuri, mwanangu. Kuna mabinti saba walikuwa waolewe kabla ya vita, na mikono yangu haina nguvu. Twanga."

Mkuu wa ukuta alivua jambia, akamkabidhi mfalme alishike, akatwanga mpaka jua likasimama utosini.