X Nyekundu Buseresere

Siku ya mnada Buseresere, Maduhu alimkanyaga Generosa mguu. Maduhu ni mtaalamu wa maji kutoka Shinyanga, shati limenyooshwa mpaka kola. Generosa ni muuza vitenge, gauni la njano, mdomo hauna breki.

"Ukinikanyaga tena, utanioa," binti akamwambia.

Ndivyo yalivyoanza. Nusu mwaka baadaye Generosa alikuwa na mimba ya miezi minne, na simu za asubuhi na jioni hazikatiki.

Kazi ya Maduhu ilikuwa kupima visima vilivyo karibu na mialo, wanakooshea dhahabu kwa zebaki. Majibu ya maabara yakatoka: visima saba vina sumu. Mkubwa wake akamwagiza apake X nyekundu tu. Wananchi wataarifiwa barua ikishasainiwa, isije ikazuka taharuki. Maduhu akaogopa kuharibu kibarua, akanyamaza. Kisima cha kina Generosa alikipaka wenyewe wakiwa mnadani.

Jamani, nani hapa hajui X? X ni bomoabomoa, na bomoabomoa ni fidia! Mama yake Generosa alipiga vigelegele. Kisima kikafagiliwa, na majirani wakaitwa wachote kwa wingi, mthamini akija akikute kinatumika. Generosa akampigia mpenzi wake.

"Mpenzi, kisima chetu kimepigwa X. Tumeula."

Maduhu angesema pale pale, leo ningekuwa nawasimulia harusi. Lakini alijidanganya kwamba barua ingetoka kesho yake.

"Vizuri, mama," akajibu. "Tutaongea nikija."

Alikuja baada ya wiki tatu, mfukoni ana pete, mkononi ana ile barua, sasa imesainiwa. Alimkuta Generosa amelala kwenye mkeka, midomo imepauka. Mimba ilikuwa imetoka siku nne nyuma. Daktari hakusema ni maji, wala hakusema si maji. Maduhu alipiga magoti akaeleza yote, machozi yanamtiririka, akamwomba amsamehe na amkubali awe mke wake.

Generosa alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Siku ile nilipokupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akajiinua taratibu, akajifunga kanga.

"Pete kaa nayo. Nipe hiyo barua. Mama Maige hapo jirani ana mimba ya miezi saba, na asubuhi hii amechota ndoo mbili."