Mdomo wa Mzee Liao

Diski ilikohoa saa nne asubuhi, ikiwa mezani, haijachomekwa waya wowote.

Chih-lan aliweka bisibisi chini. Miaka kumi na miwili ya kufufua diski zilizokufa ilikuwa imemzoesha kelele zote, za kugonga, za kukwaruza, hata za kupiga mluzi. Lakini diski hupiga kelele ikipata umeme. Hii alikuwa ndiyo kwanza ameikaza skrubu ya mwisho, imelala peke yake juu ya mkeka wa mpira, na imekohoa kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kuhutubia.

"Bosi, umekohoa wewe?"

"Mimi nakunywa chai," Ku alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Unadhani naweza yote mawili kwa pamoja?"

Chih-lan hakucheka. Kulikuwa pia na harufu, nyembamba, ya karafuu maiti, na katika karakana ile ya ghorofa ya tatu, Taipei, hakuna aliyekuwa akitumia kitu kama hicho.

Diski ilikuwa imeletwa Jumanne na Liao Hsiu-feng, mama wa miaka hamsini na ushei, aliyefika juu akihema.

"Kompyuta haiioni kabisa," alisema. "Nimejaribu ya mpwa wangu, ya jirani, hata ya hekaluni. Naichomeka, kimya."

"Una nakala nyingine?"

"Mwanangu, ningekuwa nayo, ningezipanda ngazi zenu na magoti haya?"

Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya baba yake. Mzee Liao alikuwa mchezesha vikaragosi, na kwa miaka arobaini aliwasemea wote peke yake: jemadari, bibi harusi, mtawa mlevi, hata mbwa. Kisha tambuu ikampa saratani, na miaka miwili iliyopita madaktari wakaliondoa koo lake la sauti lote. Tangu hapo sauti yake ya zamani hutoka kwenye spika, naye akiwa nyuma ya jukwaa huchezesha kwa mikono tu. Hekalu la mtaani kwao lilikuwa limempa maonyesho ya Jumapili, siku ya kuzaliwa kwa mungu wao.

"Siku akiisikia sauti yake, anakula," Hsiu-feng alisema. "Tangu hii diski ife anakunywa maji ya uji, basi. Mbavu zake nazihesabu. Wala siyalilii maonyesho, fundi. Namlilia baba."

Chih-lan aliifungua, akakuta vichwa vya kusomea vimevunjika. Dawa yake ni moja tu: kutafuta diski nyingine pacha yake, ya kiwanda kilekile na mwezi uleule, uing'oe vichwa vyake uvihamishie kwenye iliyokufa. Alitafuta siku nne bila mafanikio. Jumamosi jioni Ku alitoa moja mfukoni mwa koti, lebo yake imekwanguliwa kwa kisu.

"Imetoka wapi?"

"Sokoni."

"Soko lipi linauza diski zilizokwanguliwa lebo?"

"Chih-lan, umepewa mbuzi, chinja. Ukoo wake wa nini?"

Aliichinja, akavihamisha vichwa vyake. Lakini moyo wake haukutulia, kwa maana Ku alikuwa mtu wa kujisifia kila alichonunua, na safari hii alikimbilia nyuma ya pazia.

Sasa, Jumapili asubuhi, baada ya kile kikohozi, alichomeka waya. Kompyuta iliitambua papo hapo, faili zikajipanga zote bila hata moja kupungua, jambo ambalo kwenye kazi hii halitokei. Akavaa spika za masikioni, akafungua mchezo wa jemadari anayerudi nyumbani, wa dakika arobaini. Jemadari alinguruma, bibi harusi akalia. Sauti ilikuwa nzuri mno, na Chih-lan akaona fahari kwa kazi yake. Halafu, katikati ya kilio cha bibi harusi, mtu mwingine akakohoa, na sauti nyororo, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ikauliza taratibu:

"Nani kanifungua?"

Alizivua spika. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na safari hii kikohozi kilikuja mapema zaidi. Akatazama urefu wa faili ukasoma dakika arobaini na tatu. Alimshuku Ku kwanza, kwamba anamfanyia mzaha. Akamshuku Hsiu-feng, kwamba hakusema mzee alikuwa akirekodi na mwenzake. Mwishowe akayashuku masikio yake, akatoka kwenda kunawa uso mwisho wa korido.

Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Ameshaichukua," Ku alisema bila kumtazama. "Alikuwa mlangoni analia. Maonyesho ni saa sita, nimwambie nini?"

"Ungemwambia asubiri! Bosi, mle ndani mna mtu."

Ku hakumwuliza mtu gani. Hapo ndipo Chih-lan alipojua kwamba ile diski haikutoka sokoni.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la kona. Humo Ku alikuwa akihifadhi diski za wateja waliofariki kabla ya kuzichukua, zisizo na ndugu wa kuziulizia. Mwenyewe alikuwa ameweka sharti: hakuna kuchukua hata skrubu kabla ya kuwasha udi na kumwomba marehemu ruhusa, kwa kurusha vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, amekubali, na akubali mara tatu mfululizo; vyote vikilala chali, anacheka tu, hajajibu. Kwenye rafu ya chini vumbi lilikuwa limeacha alama ya mstatili, safi.

"Ya nani ilikuwa hapa?"

"Ya Bwana Tou," Ku alinong'ona. "Yule wa redio ya uchochoroni, aliyekuwa akiuza dawa za kifua. Unamkumbuka, alikuwa ananuka dawa zake mwenyewe. Alileta diski yenye matangazo yake yote, tukamwambia asubiri, akafa anasubiri."

"Ulimwomba?"

"Nilirusha."

"Mara ngapi?"

"Moja." Ku alilamba midomo. "Vyote viwili vikalala chali. Alicheka, Chih-lan! Nikasema basi, mtu akicheka amefurahi."

"Bosi! Kucheka ni kukubali tangu lini? Hata mtoto wa chekechea anajua akicheka unarusha tena!"

"Ningerusha tena angekataa," Ku alisema, na uso wake ulikuwa umepauka. "Na yule mama alikuwa analia. We ungefanyaje?"

Chih-lan alimwacha akiwasha udi, akashuka ngazi mbilimbili, akapanda pikipiki.

Alifika maonyesho yameanza. Jua lilikuwa kali, uwanja wa hekalu mweupe kwa joto, viti vya plastiki vya safu ya mbele vimeachwa wazi kwa ajili ya wasioonekana, na nyuma yake walikaa vikongwe watatu na mwuza soseji. Sauti ya Mzee Liao ilitoka spikani ikijaza uwanja. Kikaragosi cha jemadari kiliruka, kikageuka, kikachomoa upanga, na kwa muda Chih-lan alitaka kuamini kwamba amejihangaisha bure.

Kisha jemadari akakohoa.

"Wapendwa wasikilizaji," alisema kwa sauti nyororo, "mmenikosa?"

Kikaragosi kilisimama upanga juu. Vikongwe walitazamana, mmoja akasema hayo hayamo mchezoni, na harufu ya karafuu maiti ikaanza kupita katikati ya viti bila upepo wowote, ikizidi, ikikaa kooni, huku Chih-lan akikimbia kuzunguka jukwaa, akiruka nyaya, akiuona mgongo mwembamba wa mzee na mikono yake iliyoinuliwa juu ya kichwa, na Hsiu-feng akihangaika na vitufe vya kompyuta ndogo ambayo haikutii hata kimoja. Chih-lan aliushika waya wa diski akaung'oa. Sauti haikukatika. Akang'oa wa spika, akang'oa wa umeme, taa za jukwaa zikazimika zote, na sauti ikaendelea ileile, sasa iko karibu zaidi, ya chini, ya mtu anayeongea na mmoja tu:

"Mzee wangu, una mdomo, huna sauti. Mimi ninayo sauti, mdomo sina. Tusaidiane."

Pakawa kimya. Mwuza soseji alipiga makofi mawili, akaacha.

Chih-lan aliichukua diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake aliyokuja nayo begani. Iliitambua. Mlikuwa na faili zote na majina yake yote, na kila moja aliyoifungua ilikuwa tupu. Jemadari, bibi harusi, mtawa, hakuna. Miaka arobaini ya Mzee Liao haikuwa popote tena.

"Hsiu-feng," mtu aliita.

Mzee Liao alikuwa ameketi juu ya sanduku la vikaragosi. Kitundu cha shingoni mwake, alichoachiwa na madaktari cha kupumulia, kilikuwa palepale, kimefunikwa kitambaa cheupe, nacho hakikutikisika. Mdomo ndio uliotikisika.

"Hsiu-feng, mwanangu. Nina njaa."

Hsiu-feng alishika kinywa chake kwa mikono yote miwili. Halafu alichuchumaa chini, akafungua kopo la uji wa mchele aliokuwa akimletea kila siku ukirudi umepungua maji tu, akachota kijiko. Mzee alikula. Alikula kwa pupa, akamaliza kijiko, akaomba kingine kwa maneno matamu ya mtu wa redio.

"Dada Hsiu-feng," Chih-lan alisema, akimshika bega, "huyo siye baba yako."

"Unadhani sijui?" Hsiu-feng alijibu kwa sauti ya chini kabisa, bila kugeuka. "Sauti ya baba yangu niijue leo, niifundishwe na wewe? Lakini anakula. Ona, anakula."

"Yuko mganga hapahapa hekaluni. Tumwite sasa hivi, kabla hajazoea."

"Akimtoa, baba atakula?"

Chih-lan alitazama chini, maana hakuweza kuutazama tena ule mdomo unaotafuna na kushukuru. Ndipo alipouona mkono wa kulia wa mzee, bado uko ndani ya jemadari. Ulikuwa umejivuta pembeni, mbali na mdomo ule. Mikono midogo ya jemadari ilikuwa imelikamata shati la mzee kwa nguvu, na kichwa chake cha mti kilikuwa kikitikisika: hapana, hapana, hapana.

"Dada, tazama mkono," Chih-lan alisema. "Tazama mkono wake!"

Hsiu-feng aliutazama. Kisha alikivua kikaragosi kidole kwa kidole, akamwinua baba yake, akakilaza sandukuni na kufunga kifuniko, halafu akachota kijiko kingine.