Waridi la Jangwani la Akko

Kila Jumamosi, kabla mbuzi hawajaenda malishoni, mimi na nyanya tuliwatoa kupe. Nyanya, ambaye sisi humwita Akko, alichemsha vipande vya shina la waridi la jangwani, nami nikawapaka mbuzi maji yake masikioni.

Mmea huo ulimea nyuma ya boma letu, kijijini Kulamawe. Kiangazi kikikaza, majani yote hupukutika, ndipo maua mekundu hutokea. Akko alisema ni ishara kwamba Mungu hajatusahau. Hakuna aliyeukata kabla ya kuomba dua, na maharusi wa ukoo wetu walifungiwa ua moja mkononi. Mimi nikapiga hesabu yangu ya kijinga: kitu chenye baraka hivyo hakiwezi kumdhuru mtu.

Siku moja Akko alipokwenda kisimani, ndugu yangu Diba, mwenye miaka sita, alilia tumbo. Nikaomba dua, nikamnywesha maji ya waridi yaliyobaki, vijiko viwili.

Muda si muda akaanza kutapika. Nilimwita, akanitazama tu. Nikambeba mgongoni hadi zahanati ya kaunti, nikilia njia nzima.

"Amekula nini huyu?" muuguzi Natabo akauliza, akimshika Diba mshipa wa mkono.

Nilitaka kusema sijui. Niliogopa Akko angejua nimegusa dawa yake. Diba akatapika tena.

"Nimempa maji ya waridi la jangwani, sista. Vijiko viwili."

Akapiga simu kuita ambulensi papo hapo. Tuliingoja karibu saa nzima, nami sikuwa na la kufanya ila kushika kandambili za Diba. Akko alifika akihema. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Siku ya tatu, katika hospitali mjini Isiolo, daktari alisema moyo wa Diba umetulia. Akko akanivuta kando.

"Habsa, ungeficha, wangetibu malaria huku moyo wake unazimika. Ukweli wako umemwokoa. Lakini sikiza. Dawa ya kupe ni sumu. Tunaiombea dua kwa sababu inaweza kuua, na hilo nilipaswa kukwambia zamani. Usimpe mtu dawa usiyoijua, hata kama umeiona mikononi mwangu."

Nilimwambia nimeelewa, kisha nikampelekea Diba chai aliyokuwa akiidai. Alikitazama kikombe, akamtazama Akko. Akko alipotikisa kichwa kukubali, ndipo akanywa.