Tundu Kwenye Uzio wa Kiwanja cha Ndege

Kila asubuhi kabla ya shule, Selestina alipeleka trei ya mayai kwenye loji iliyo ng'ambo ya kiwanja kidogo cha ndege, nje ya mji wa Karatu. Kuzunguka uzio kulimchosha. Basi akailegeza waya mahali penye majani marefu, akawa anapenya na kukatiza.

Jumatatu moja, mbuzi wa Supeet, mfugaji aliyehamia karibuni kutoka Nainokanoka, waliingia kwa tundu lile. Ndege iliyojaa watalii ilikuwa karibu kugusa ardhi. Rubani aliwaona mbuzi, akainyanyua ghafla, ikapita juu kidogo tu ya paa la loji.

Mlinzi wa kiwanja, Mzee Bartolomeo, alimfokea Supeet mbele ya watu kwamba amekata waya ili apate malisho. Supeet alikana, lakini hakuna aliyemsikiliza. Dukani walikataa kumuuzia hata chumvi. Shuleni, wanafunzi walimhama binti yake, Soila, wakamwacha peke yake kwenye dawati.

"Na wewe unaamini ni baba?" Soila alimuuliza Selestina.

Selestina aliinamia daftari lake, akaendelea kuandika.

Alhamisi wanakijiji walikutana. Wengi walitaka Supeet aondoke na mifugo yake kabla ya Jumapili. Selestina, aliyekaa karibu na mama yake, Hyasinta, alimwona Soila amejifunika uso kwa shuka la baba yake. Akasimama.

"Waya niliilegeza mimi. Baba Soila hakuikata."

Maneno makali yakamgeukia yeye. Meneja wa loji alisema hatanunua tena mayai ya kwao. Mama yake hakumtazama njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kesho yake, Selestina na mama yake walimsaidia Bartolomeo kuziba tundu. Mzee aliwaagiza wamletee koleo, akakaza waya. Supeet alipofika na Soila, Selestina alimwamkia, akaomba msamaha. Soila aligeuza uso.

"Nimekusamehe," Supeet alisema. "Lakini tundu hili mmeliziba kwa saa moja. Mimi nimeitwa mhalifu siku nne, na wapo ambao bado hawanisalimii. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, anaumia mwenzako, na ukweli wako unamkuta ameshaumia."